Mafuta Yenye Sifa

Uvundo ulinifika kabla mafuta hayajashuka shingoni. Ini la papa lililooza juani, na mchaichai juu yake usioficha kitu.

"Warda, umenipaka nini?"

Mke wangu aliacha kunisugua kichwa. Alikuwa akijaribia kwangu mafuta ya nywele ya bibi harusi aliyekuwa mteja wake wa kwanza, ya nazi, karafuu na mchaichai. Somo wa bibi harusi, kungwi wake, alikuwa njiani kuyafuata.

"Si ulisema asubuhi yamekosa sifa? Nimeyatia ile sifa ya kwenye debe la baba, mafuta ya papa ya kupaka mashua."

Mimi nilitaka beti mbili za kuyasifu, zibandikwe kwenye chupa! Tone zito, rangi ya usaha, liliteremka shavuni likaingia mdomoni. Nikatema.

"Hodi! Mwari anangoja, mafuta tayari?" Somo akaita mlangoni.

Warda akakumbatia chupa, machozi yakimlenga. "Nitamwambia nini mimi?"

Nikafungua mlango. Somo akaziba pua kwa kanga.

"He! Mwanangu, unatoka kupaka mashua?"

"Shikamoo, mama. Mafuta ndiyo haya," nikasema, nikainama mpaka utosi wangu ukamfika puani.