Cherehani ya Alumita

Haya ni kweli tupu. Kama nimetia chumvi, ulimi wangu na uote vipele.

Alumita alikuwa akizunguka sebuleni, mtoto wa wiki sita begani, blauzi imelowa maziwa. Kazi ya hotelini aliiacha alipojifungua, na mshahara wa mumewe pekee haukutosha mihogo na nepi. Tegemeo lilikuwa cherehani pale mezani: sare kumi na mbili za shule, zinatakiwa Jumatatu. Hata moja hajaishona, maana kila akikaa, mtoto analia.

Dirishani akamwona mjomba wake anakuja na tabasamu la mtu mwenye shida yake. Juzi aliisifu sana cherehani ile. Na kwetu Fiji, ndugu akishakuomba kwa kusema "kerekere", umekwisha. Kumnyima ni aibu ya ukoo mzima.

Mjomba alivua ndala mlangoni, akakohoa. "Alumita mwanangu, nimekuja na ka—"

"Mimi kwanza, mjomba. Kerekere, uwe unanibebea mtoto kila asubuhi, nishone."

Mjomba akaitazama cherehani, akamtazama mtoto. "Kila asubuhi?"

"Mpaka atembee."

Mzee huyo, jamani, alitimka mbio hadi mtoni Rewa, akavuka bila kulowa.

"Mjomba," anasema Alumita, mguu juu ya kikanyagio, akichungulia ninachoandika. "Waambie nani alivuka."

Basi, hakuvuka mtu. Naandika kwa mkono mmoja, na paja langu limeshaloweshwa.