Mkono wa Mpinzani

Wapalestina wa Minneapolis walikuwa wanachagua mwenyekiti, wakaniomba mimi Mtanzania nihesabu mikono, maana sina upande.

Mgombea mmoja, mzee aliyekimbia kijiji chake utotoni na kukulia kambini Lebanoni, aliichukua kwenye meza ya kujiandikisha pasipoti ya Israeli ya mpinzani wake, Bi Widad wa Nazareti, Mpalestina ambaye ukoo wake haukukimbia, akaiinua juu.

“Mwenye hii ndiye atusemee sisi?”

“Mzee wangu, kijiji chako kipi?” Bi Widad aliuliza.

Akakitaja.

“Nakijua, kiko jirani na kwetu,” Bi Widad alisema. “Nyumba hazipo tena. Makaburi yapo, chini ya misonobari. Nilikuwa nikiyafagia kila Idi.”

Mzee aliviangalia viganja vya Bi Widad.

“Na kaburi la mama yangu?”

“Yote, baba.”

Nikauliza nani anamtaka Bi Widad. Mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa bado umeshika ile pasipoti.