Hodi ya Tatu

Ukumbini Ukunda, leso iliyotundikwa kambani ndiyo iliyokuwa mlango. Mwalimu wa tiba ya maigizo alimwambia Linet abishe hodi mara tatu kisha aondoke, kwani ndivyo mamake alivyomwacha nje bila kumwitikia alipojua bintiye anampenda mwanamke.

Nyuma ya leso, mshiriki mwenzake, mkulima wa mwani aliyeigiza mama huyo, alikuwa ameagizwa anyamaze.

“Hodi,” Linet alisema. “Hodi.”

Vidole vilivyochanika kwa chumvi vikashika upindo wa leso.

“Hodi.”

“Karibu, mwanangu!” Leso ikavutwa kando. “Niwie radhi, mwalimu. Mtu afike hodi ya tatu nami nimo ndani? Siwezi.” Akachungulia nyuma ya Linet. “Na mwenzio yuko wapi?”

Linet alicheka, machozi yakimtoka. “Yuko nje, ananingoja.”

“Juani? Mwite aingie!”