Kopo la Tatu

Mwalimu aliwaagiza wanafunzi wapande mchicha nyumbani, kwenye makopo mawili. Moja litiwe majivu, jingine lisitiwe kitu, kisha waandike walichokiona. Zamaradi aliyaweka yake dirishani. Zikapita wiki tatu. Kesho yake angesoma matokeo mbele ya darasa, na rula ilimwonyesha kimo kilekile kwa yote mawili.

"Bibi, hili la kushoto umelitia nini?"

"Majivu, tangu siku ya kwanza. Unapanda mapacha, unamlisha mmoja, mwenzake anatazama tu?"

"Lilitakiwa likose, Bibi. Ndilo somo lenyewe."

"Basi mwalimu wenu hajawahi kuzaa."

Daftarini alikwisha kuandika mapema, kwa wino, kwamba la majivu limeshinda. Akaukata mstari ule, akaandika chini yake: Yote mawili yalipewa majivu. Aliyetoa ni bibi yangu.

"Umenitaja?"

"Nimekutaja."

Zamaradi akajaza udongo kopo la tatu, akafukia mbegu, akapanda kigodani na kuliweka juu ya paa la jiko. Bibi alisimama chini, kiganja kimejaa majivu, akilitazama.