Ulimi wa Msemaji wa Chifu

Serwaa alimshika mumewe kidevu. "Hebu fungua mdomo. Zaidi!"

Chini ya ulimi palikuwa na uvimbe wa rangi ya biringanya, umeusukuma ulimi juu hadi kwenye kaakaa.

"Pilipili tu," alisema mumewe, kwa sauti ya mtu aliyejaza tonge la fufu mdomoni.

"Pilipili gani? Unameza vidonge vya kuzuia damu isigande, halafu unashushia na mitishamba ya magoti! Si daktari alikukataza mbele yangu? Hiyo ni damu, baba. Ikizidi kuvimba, hutapumua."

"Chifu ananingoja. Nani atamsemea?"

"Wewe utamsemea kwa ulimi upi?"

Mumewe alijaribu kumeza mate, yakamkatalia, yakamchuruzika kidevuni. Hata hivyo akajitupia shuka lake la kente begani.

Serwaa alichoka kubishana. Alijua mumewe hawezi kumsemea chifu bila fimbo yake mkononi. Aliichukua fimbo ya usemaji, yenye kichwa cha dhahabu, ambayo kwa miaka yote ya ndoa hakuwahi kuigusa, akatoka nayo hadi kwenye teksi iliyokuwa ikingoja nje.

"Hospitali," alimwambia dereva. "Washa gari kabisa. Mwenye fimbo huyo anakuja."