Jibini Isiyogeuzwa

Friji nzima ilikuwa na kitu kimoja tu: bakuli la jibini laini, limefunikwa kitambaa kilicholowa maji ya chumvi. Mama mwenye nyumba alilitoa kwa mikono miwili, akaliweka kwenye beseni la barafu, ndipo akampisha fundi aliyekuja kuitengeneza friji.

"Ikichacha hii, fundi, sitajisamehe," alisema. Macho yalikuwa yamemvimba.

Fundi alikuwa mtu wa mzaha. "Dada, jibini zimejaa tele madukani. Au hii inataga dhahabu?"

"Ni ya mwanangu."

Hapo fundi akashika adabu. Hata yeye ana watoto, na anajua mtoto akirudi akakosa alichowekewa, nyumba haikaliki. Alipiga magoti nyuma ya friji, akakuta waya wa mota umeungua, akaanza kuukata.

"Anapenda jibini, eh?"

"Kupita kiasi. Hii tuliitengeneza pamoja. Yeye ndiye aliyekamua kitambaa." Mama alitabasamu kidogo, kisha akageukia dirishani.

Fundi alimwonea huruma, asijue hasa ya nini. Akaona amsaidie kwa analolijua, maana jibini haikosekani kwake. "Mke wangu huizamisha yote kwenye maji ya chumvi, na kila asubuhi anaigeuza. Inakaa wiki na wiki."

"Hii haigeuzwi."

"Basi ipake chumvi huku juu."

"Juu hapaguswi."

Sikio la kufa halisikii dawa, alijisemea fundi, akarudi kwenye waya zake.

Haukupita muda mota ikanguruma. Mama alishusha pumzi ndefu, akajifuta machozi kwa kiganja. Fundi naye, kwa furaha ya kazi iliyokubali, akaliinua bakuli mwenyewe alirudishe ndani. Kitambaa kikateleza. Jibini ilikuwa imeanza kuwa manjano pembeni, na katikati ilikuwa na kishimo.

"Kumbe imebonyea! Ndiyo maana inataka kuharibika, maji yanatuama hapa. Nipe kisu nikusawazishie."

"Usiiguse!"

Alimpokonya bakuli, akalikumbatia kifuani mpaka maji ya chumvi yakamlowesha gauni. Fundi alibaki ameduwaa, mikono hewani, akiomba radhi kwa kosa asilolijua.

Taratibu mama aliliweka bakuli mezani. Alisogeza kidole gumba chake juu ya kile kishimo, bila kukigusa. Kishimo kilikuwa kidogo mno, kidole chake kisingeenea humo.

"Alitaka kujua kama imeganda," alisema. "Nikamfokea, nikamwambia ameiharibu. Kesho yake tulimzika."