Mpinzani wa Malenga

Tangu masika Cresensia alikuwa hajatukanwa redioni, na kibaraza chake pale mtaa wa Ramadhani kilikuwa kitupu.

Zamani kilijaa watu. Yeye ndiye Malenga wa Mkoa, wa tatu. Wa kwanza alikuwa mzee wa Mlangali, mkulima wa maharage. Wa pili alikuwa mchuma chai wa Lupembe, aliyeghani mashairi juu ya lori la majani. Wote walikalia kiti kwa kulumbana, maana desturi ni hiyo: malenga asiye na mpinzani hana kiti.

Wale walipokwisha kuzikwa, vijana hawakutaka tena mashairi. Cresensia akabaki na kiti na ukimya wake. Ndipo redioni likasikika jina la Ambrosi wa Makambako. Sura yake hakuna aliyeijua. Beti zilikuja kwa ujumbe wa simu tu, mtangazaji akazisoma. Alimwita Cresensia tetea anayejitia jogoo. Mkoa mzima ukacheka, na kila alipotukanwa majirani walikuja kumpa pole, wakanywa chai yake ya tangawizi hadi sufuria ikakauka.

Sasa ofisi ya utamaduni imesema Ambrosi asipojibu Jumapili hii, kiti kinafungwa.

Alasiri ya Jumapili hiyo Aneth, jirani yake, alikuwa akipita na kuni kichwani. Akaamkia kamwene, akaona redio imezimwa.

"Mama, huwashi? Labda leo atajibu."

"Hajibu, mwanangu. Amechoka."

"Umejuaje?"

"Mtu akizeeka, hata matusi humwisha."

Aneth akacheka, akatua mzigo, akaiwasha mwenyewe. Cresensia akamsogezea kigoda, akammiminia chai, kisha naye akajimiminia na kujifunika blanketi magotini, kama mtu aliyekaa matangani, akingoja kiti chake kizikwe.

Mtangazaji akakohoa, akasema Ambrosi wa Makambako ameleta jibu lake:

"Malenga u kimya mbona, meno yamegandamana?
Kiti chako nakiona, jiandae kupambana."

Aneth akapiga kigelegele, akatoka mbio kuwaita majirani.

Cresensia akaweka kikombe chini. Miaka yote hiyo, kila ubeti wa Ambrosi aliutunga yeye.

Huu hakuutunga.